Pusete mu ndeke: uliza mbele ya kuitoa

Wamama wengi wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi sasa wanatembeza watoto mu pusete, ile gari ndogo ya kusukuma. Siku ya safari ya ndeke nayo inapanda. Lakini kuko mambo yake, na mimi niliyajifunza na machozi.

Nilitoka Kolwezi na watoto wawili: mukubwa miaka 3, mudogo miezi 9. Baba yao alibakia ku mugodi, juu konje yake haikutoka. Kilometa 300 na kidogo mpaka Lubumbashi, pusete ilikaa juu ya gari, vumbi tupu. Ku Luano nikaipanguza, nikamukalisha mudogo, nikajiona mama wa kweli. Kikwembe cha kubebea? Nilikiweka chini kabisa mu valizi kubwa. Sikutaka watu waseme ninatoka mu kijiji.

Chini ya ngazi ya ndeke, kijana wa kazi akanikunjisha pusete, akaifunga etikete, akanipa kipande. Ikaingia mu tumbo la ndeke. Tulipofika mu muji wa kubadilisha ndeke, kungojea ilikuwa masaa 6. Nikasimama ku mulango nikingojea pusete. Watu wote wakapita.

«Mama, yako iliandikwa mpaka Bruxelles. Utaipata kule.»

Masaa 6, mutoto ku mikono, sakoshi ku bega, mukubwa analala chini na kulia. Mama mumoja muzee akaniangalia sana. «We mwana, unateseka juu ya nini? Kamata hii, umubebe.» Akafungua kikwembe chake cha juu. Mudogo akalala mbele sijamaliza kufunga fundo.

Swali ambalo sikuuliza ku Luano ni hili: pusete yangu watanirudishia wapi, ku mulango wa ndeke ao mwisho wa safari? Jibu linaandikwa juu ya etikete yenyewe, kwa herufi tatu. FBM ni Lubumbashi, FIH ni Kinshasa, BRU ni Bruxelles. Ukiona BRU na wewe utabadilisha ndeke njiani, ujue haina kutoka kule katikati. Ongea palepale, mbele hawajaipeleka. Na toa bintu byote mu kikapo chake cha chini: biberon, kushi, maziwa. Byangu byote bilienda nayo.

Kompani nyingi wanakubali pusete ya mutoto mudogo bila kulipisha, lakini si zote, basi uliza siku ya kununua tikiti. Ile kubwa ya kitanda, isiyokunjika, mara nyingi inaenda na mavalizi tangu mwanzo. Afazali ile inakunjika kama mwavuli. Aliyeitengeneza mu 1965, Owen Maclaren, alikuwa injinieri Muingereza wa mambo ya ndeke. Alikuwa amefanya kazi ku miguu ya kutulia ya Spitfire, ndeke ya vita. Aliifanya na aluminiamu, uzito karibu kilo 3. Watu wa madini watamuelewa.

Ku Bruxelles pusete ilitoka gurudumu moja limevunjika. Nilikuwa nimechoka, yaya na shemeji wanangojea inje, nikatoka bila kusema kitu. Nilipoandika, siku 12 zilikuwa zimepita. Kompani ikajibu: umechelewa, mama. Nilikasirika, lakini shemeji akanionyesha: kwa safari za inchi na inchi, mapatano ya Montréal ya 1999 yanatoa siku 7 tu za kulalamika kwa maandishi kama muzigo umeharibika. Ilifaa niende ku biro ya mavalizi palepale, na kipande cha etikete mu mukono. Na foto ya pusete ikiwa nzima ingenisaidia. Sikupiga hata moja.

Kurudi, tuliiacha kwa shemeji, na magurudumu yake matatu. Kikwembe cha yule mama niko nacho mpaka leo. Hata jina lake sikuuliza.