Kamba na Msumeno: Usalama wa Mkata Miti

Katika mashamba mengi ya nyanda za juu za Kenya, na katika mitaa ya miji pia, imo miti iliyopandwa na wazee kwa nia njema, ambayo leo imekuwa tishio kwa watoto wao. Mkaratusi uliopandwa uwe kinga ya upepo umerefuka ukalipita paa la nyumba mara nne. Mgrevilea uliopandwa uwe kivuli cha kahawa umeliinamia boma la ng'ombe. Mjakaranda wa kando ya barabara umeyaingiza matawi yake katika nyaya za umeme. Mvua kubwa zijapo, mwenye nyumba hulala macho wazi akisikiliza matawi yakilia. Ndipo hutafutwa mtu wa kupanda na kukata.

Kazi hiyo huonekana nyepesi machoni pa atazamaye akiwa chini. Lakini mtu yule aliye juu ameyaweka maisha yake katika vitu viwili: kamba inayomshika na msumeno anaokatia. Tena vitu hivyo viwili ni maadui, kwa kuwa msumeno haujui tofauti ya kamba na tawi. Kwa sababu hiyo, kuvitunza si jambo la fundi peke yake. Yampasa hata mwenye shamba anayemwajiri fundi huyo ajue dalili za kazi salama na dalili za kazi ya hatari.

Kwa nini mti hukatwa kuanzia juu

Miti hii mingi si ya asili ya nchi. Mkaratusi ulitoka Australia, ukapandwa Kenya tangu mwaka 1902 ili zipatikane kuni za injini za reli ya Uganda. Mgrevilea nao ulitoka Australia, na mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini. Aliyepanda mche wa shubiri moja hakuweza kukisia ungefika wapi.

Mti uliosimama peke yake malishoni huweza kuangushwa kwa kukatwa shinani. Lakini penye nyumba upande mmoja, kisima upande wa pili na nyaya upande wa tatu, hapana mahali pa kuuangushia. Hapana budi ukatwe vipande vipande kuanzia kileleni, na vipande vizito vishushwe kwa kamba nyingine. Hivyo mkataji hufanya kazi akiwa amening'inia mita 15 au 20 juu ya ardhi.

Watu wa pwani wanao wajuzi wa kupanda tangu zamani. Mgema huupanda mnazi kwa kukanyaga vidato vilivyochongwa katika shina, kisu kikiwa kiunoni, na mikono yake ndiyo kamba yake. Ustadi huo wastahili sifa, lakini hautoshi kwa kazi hii. Kisu cha mgema hukata pale tu mkono unapokipeleka. Mkata miti huchukua injini yenye mnyororo unaokwenda mita 20 na zaidi kwa kila sekunde, na injini hiyo hutaka mikono miwili. Mtu ambaye mikono yake yote miwili imo kazini hana mkono wa kujishikilia. Hushikwa na kamba tu.

Kamba ipasayo

Mkulima anazo kamba nyumbani: ya katani ya kufungia ng'ombe, ya plastiki ya kufungia mizigo, na pwani iko ya makumbi. Hakuna hata moja kati ya hizo ifaayo kumning'iniza mtu. Katani ikinyeshewa mara kwa mara huoza ndani, nayo kwa nje huonekana nzima. Kamba hafifu ya plastiki hudhoofishwa na jua, na huyeyuka upesi ikisuguliwa.

Zamani wapandaji wa Ulaya na Marekani walitumia kamba za manila, zilizosokotwa kwa nyuzi za mmea wa jamii ya mgomba utokao Ufilipino. Mwaka 1935 nailoni ilivumbuliwa katika maabara ya kampuni ya DuPont huko Marekani, na baadaye nyuzi za viwandani zikachukua mahali pa nyuzi za mimea. Siku hizi kamba za kupandia hufanywa kwa nailoni au poliesta, na unene wake aghalabu ni milimita 11 hadi 13. Iliyo mpya na ya kiwango kilichothibitishwa huhimili uzito wa kilo 2,000 na zaidi kabla ya kukatika.

Huenda mtu akauliza, nguvu yote hiyo ni ya nini kwa mtu wa kilo 70? Sababu ni kwamba fundo peke yake hupunguza nguvu ya kamba, pengine kwa theluthi moja au zaidi. Kisha kuna kuchakaa. Tena kuna mshtuko, kwani mtu aangukaye hata mita moja tu kisha akakamatwa ghafula huivuta kamba kwa nguvu iliyo mara nyingi kuliko uzito wake.

Mpandaji huipitisha kamba juu ya panda imara ya mti, karibu na shina. Ncha moja huifunga katika mkanda wake wa kiunoni na mapajani, na upande wa pili wa kamba hushikwa kwa fundo la namna ya pekee. Fundo moja mashuhuri la jamii hiyo lilielezwa mwaka 1931 na Karl Prusik wa Austria, kwa ajili ya wapanda milima: likiwa halina uzito huteleza, likipata uzito hushika. Kwa hila hiyo mtu hupanda hatua kwa hatua na kushuka taratibu. Lakini akishuka kwa kasi, msuguano huzaa joto, na nyuzi za viwandani huyeyuka kwa joto. Mahali palipoungua hung'aa na kuwa pagumu. Pakionekana hivyo, kamba hiyo isipandiwe tena.

Kila asubuhi kamba yote hupitishwa mkononi, tangu ncha hata ncha. Vidole hutafuta mambo ambayo macho huyakosa: uvimbe, wembamba, mahali palipolegea, uzi uliokatika. Kamba haichukuliwi pamoja na msumeno katika gunia moja, maana meno huikwaruza na oili huichafua. Wala isiwekwe karibu na betri ya gari, kwa kuwa asidi huila nailoni hata pasipo alama ya kuonekana. Ikichafuka, huoshwa kwa maji matupu na kuanikwa kivulini. Katika Uingereza kanuni za mwaka 1998 zataka vyombo vya kuwainua watu vikaguliwe na mjuzi kila baada ya miezi 6, licha ya ukaguzi wa kila siku.

Waswahili husema, ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa, yaani kamba ijapokuwa imechakaa ni bora kuliko ukambaa mpya. Methali hiyo ni ya kweli katika mambo mengi, lakini juu ya mti haifai kufuatwa. Huko kamba kuukuu haina heshima. Ikishindwa ukaguzi hukatwa vipande vifupi vya kufungia kuni, asije mtu mwingine akaiokota na kuipandia.

Msumeno na maradhi yake

Msumeno wa mnyororo, ambao wengi huuita pawaso, si chombo cha jana. Mwaka 1926 Andreas Stihl wa Ujerumani alitengeneza msumeno wa umeme, na mwaka 1929 ukafuata wa petroli. Misumeno ya kwanza ilikuwa mizito, ikaendeshwa na watu wawili. Kiwanda chake kilitoa wa petroli wa kuendeshwa na mtu mmoja mwaka 1950.

Meno ya msumeno nayo yana kisa chake. Mwaka 1946 Joseph Cox, mkata magogo wa Oregon huko Marekani, alimwangalia buu akilitafuna gogo kwa taya zake zilizopinda, akila upande huu na upande huu. Cox akabuni mnyororo wenye meno ya kulia na ya kushoto kwa mfano wa taya zile, na minyororo ya leo hufuata asili hiyo.

Maradhi ya msumeno si mengi, na mengi katika hayo hutokana na uvivu wa mwenyewe. La kwanza ni kukataa kuwaka. Injini hii hunywa petroli iliyochanganywa na oili. Misumeno mingi ya siku hizi hutaka sehemu 1 ya oili maalumu kwa sehemu 50 za petroli, yaani mililita 100 katika lita 5. Oili ikipungua, pistoni huungua. Ikizidi, plagi huchafuka na moshi hujaa. Petroli iliyolala dumuni miezi mingi hupoteza nguvu na kuziba kabureta. Tena chujio la hewa likijaa vumbi la mbao, injini hukosa pumzi. Aghalabu fundi ambaye amevuta kamba ya kuwashia mara ishirini angalipona kwa kulisafisha chujio na kuikausha plagi.

La pili ni ubutu. Msumeno wenye makali hutoa vibanzi, na ulio butu hutoa unga. Uonapo unga mwembamba ukitoka, na mkataji akiugandamiza msumeno kwa nguvu, ujue kazi ya tupa imengojewa mno. Tupa ya mviringo huingizwa katika kila jino kwa pembe ileile na kwa idadi ileile ya misukumo. Asiyefanya hivyo hupata jino refu upande mmoja na fupi upande mwingine, na msumeno wake hupinda njiani badala ya kukata wima.

La tatu ni ukavu. Mnyororo huzunguka ubapa wa chuma, nao hutaka oili yake yenyewe, iliyo katika tangi lake. Kuipima ni rahisi: ncha ya ubapa huelekezwa kwenye kisiki kikavu, injini ikakazwa, na mstari wa oili huonekana kisikini. Usipoonekana, ubapa utapata moto, na mnyororo utatanuka, utalegea na kuruka nje ya mfereji wake.

La nne ndilo baya kuliko yote. Injini inguruמapo polepole, mnyororo wapaswa kusimama kimya. Ukiendelea kutembea, ama injini imewekwa kasi mno, ama springi ya klachi imekatika. Chini mtu huweza kuvumilia kasoro hiyo, ingawa si vema. Juu ya mti msumeno huo hung'inia karibu na paja na karibu na kamba, na kamba iliyovutwa na uzito wa mtu hukatika kwa kuguswa tu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na ufa wa namna hii huenda usimpe mtu nafasi ya kujenga.

Vikutanapo juu

Kwa hiyo mafundi wazuri wana kanuni moja kubwa: msumeno wenye ugonjwa haupandishwi mtini. Huwashwa kwanza chini, ukapashwa moto, mnyororo ukatazamwa na breki ikajaribiwa, kisha ukazimwa na kuvutwa juu kwa kamba.

Kanuni ya pili ni kufungwa mara mbili. Kabla ya kukata, mpandaji huongeza mshipi mfupi kuuzunguka mti, mbali na kamba yake kuu, ili kimoja kikikatwa kingine kibaki. Wengine hutumia mshipi wenye uzi wa chuma ndani, ambao husaidia, lakini haimaanishi kwamba haukatiki.

Kanuni ya tatu ni mikono miwili. Ncha ya ubapa ikigusa tawi kwa sehemu yake ya juu, msumeno huruka nyuma kuelekea uso kwa ghafula ambayo mtu hawezi kuiwahi. Breki ya mnyororo iliwekwa kwa ajili ya msiba huo, lakini mkono mmoja hautoshi kuuzuia. Kila baada ya kukata, breki hufungwa kabla mtu hajabadili mahali.

Wa chini naye ana wajibu wake. Methali yasema aliye juu mngoje chini, lakini katika kazi hii amngoje kando, mbali na matawi yaangukayo, akiwa amevaa kofia ngumu. Aitazame kamba ya mwenzake isinaswe na matawi yanayoburutwa, wala asianze kuburuta kabla ya kuitikiwa.

Wajibu wa mwenye mti

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yampa mwajiri wajibu wa kulinda usalama wa wafanyakazi wake, na sheria nyingine ya mwaka huohuo yahusu fidia ya waumiao kazini. Hata hivyo, mwenye shamba asingoje sheria imzindue. Anaweza kuuliza maswali machache kabla ya kutoa malipo: Kamba ya kupandia iko wapi, na iko ya pili? Mnyororo husimama injini ikinguruma polepole? Nani atabaki chini? Ikiwa matawi yamegusa nyaya za umeme, shirika la umeme limeambiwa? Anayejibu kwa kuonyesha vyombo vyake ni fundi. Anayecheka na kusema amezoea yafaa aagwe kwa heshima, hata kama bei yake ni nusu ya bei ya wenzake, kwa maana nusu iliyopunguzwa huenda ndiyo kamba ya pili.

Mti uliochukua miaka 40 kukua waweza kungoja siku moja zaidi, mpaka meno yanolewe na kamba ikaguliwe. Na ikiwa wingu la mvua limekwisha kutanda, ni afadhali watu wa nyumbani wahame chumba kilicho chini ya mti usiku huo, kuliko kumpandisha mtu kwa haraka.