Kinachouzwa ni Tundu

Nazi ikishakunwa, tui likakamuliwa na kuku wakapewa machicha, kinachobaki mkononi ni kifuu. Zamani kingechongwa upawa au kata. Siku hizi huishia chini ya sufuria, kikawaka kwa moto mkali wenye moshi wa mafuta, na asubuhi kikazolewa pamoja na majivu. Kifuu hichohicho, kikipitishwa njia nyingine ya moto, hugeuka punje nyeusi ambazo wachenjuaji wa dhahabu wa Geita na Chunya hununua kwa kilo na kuziita kaboni tu. Sisi wa maabara tunaita mkaa amilifu.

Mtu akizishika hawezi kuona tofauti yake na mkaa uliopondwa. Kwa kweli vyote viwili karibu ni kitu kilekile. Anachokilipia mnunuzi ni tundu.

Methali husema kifuu cha nazi ni bahari ya chungu. Mkemia angeongeza kwamba bahari kubwa zaidi haimo katika bakuli la kifuu bali ndani ya ukuta wake. Gramu moja ya mkaa amilifu wa vifuu, ukijumlisha kuta za vitundu vyake vyote, ina eneo la mita za mraba 1,000 hivi. Gramu 7, yaani kijiko kikubwa kimoja, zinatosha kuufunika uwanja wa mpira. Vingi vya vitundu hivyo havifiki upana wa nanometa 2, ilhali unywele wa kichwani una unene wa nanometa 80,000 au karibu na hapo.

Udogo huo ndio unaofanya kazi. Sifongo hunywa maji, ukiiminya ikayarudisha. Mkaa amilifu haunywi, hunasa. Molekuli ya rangi, ya dawa ya wadudu au ya klorini inayopita karibu na ukuta wa kaboni huvutwa kidogo; ikiingia katika tundu jembamba huvutwa na kuta za pande zote kwa pamoja, ikashindwa kutoka. Ndiyo maana tundu likiwa pana mno linapoteza nguvu, na likiwa jembamba mno mgeni hapiti mlangoni.

Sasa tundu linachimbwaje? Hatua ya kwanza anaijua kila mchoma mkaa: vifuu vikavu huwekwa katika tanuri lililozibwa hewa, joto likapandishwa hadi nyuzi 400 au 600 za Selsiasi. Maji hutoka, kisha moshi, kisha lami, na kinachosalia ni kaboni iliyojipanga katika vipande vya tabaka vilivyokunjamana ovyo. Mikunjo hiyo haikai ikabanana vizuri, na nafasi kati yake ndizo mwanzo wa vitundu. Bahati mbaya lami ileile iliyokuwa ikitoka huganda humo na kuziba. Mkaa wetu wa jikoni umeishia hapo: una nyumba nyingi lakini milango imekandikwa.

Hatua ya pili ndiyo yenye ufundi. Mkaa hurudishwa motoni, safari hii nyuzi 800 hadi 1,000, na mvuke wa maji hupulizwa ndani. Katika joto hilo mvuke hauzimi moto kama tulivyozoea; unakula mkaa. Kila molekuli ya maji hung'oa atomu ya kaboni na kuondoka nayo ikiwa gesi ya monoksidi ya kaboni pamoja na hidrojeni. Lami huliwa kwanza, kisha kuta zenyewe, na vitundu vikafunguka kimoja baada ya kingine. Gesi hizo mbili, moja ni sumu isiyo na harufu na nyingine hulipuka, kwa hiyo si kazi ya kujaribia uani.

Hapo ndipo hesabu inapouma, kwa kuwa kila tundu hulipiwa kwa mkaa. Kilo 100 za vifuu vikavu hutoa kilo 25 hadi 30 za mkaa; mvuke ukishashiba, hubaki kilo 10 hadi 15. Ukiwahi kuuzima, vitundu havijafunguka. Ukichelewa, kuta zinabomoka, vitundu viwili vinakuwa pango moja, na mzigo unayeyuka. Nilipojaribu mara ya kwanza, nikiwa mwanafunzi, nilichelewa. Nilifungua tanuri nikakuta majivu ya kujaza kisahani.

Iko njia nyingine inayotumia kemikali. Taka laini kama vumbi la mbao au bagasi ya miwa huloweshwa katika asidi ya fosfori, kisha huchomwa kwa joto la chini zaidi, mara moja tu. Kaboni inayopatikana ni nyingi kuliko ya mvuke, ila lazima uioshe asidi hadi iishe, na maji ya kuoshea lazima uyapeleke mahali. Watafiti wengi huusahau mto unaopokea maji hayo wanapotangaza kwamba wamegeuza taka kuwa mali.

Na taka si zote sawa. Pumba za mpunga zimejaa silika, ambayo hubaki kama majivu mengi na kuupunguzia mkaa thamani. Maganda ya korosho yana mafuta yanayochoma ngozi, sharti yatolewe kwanza. Kifuu kinazishinda kwa sababu ni kigumu, kina lignini nyingi na majivu kidogo mno. Tena tusidanganyane kuhusu neno taka: pumba tayari zina wateja wanaochomea matofali na kutandikia mabanda ya kuku, na kifuu kina mama lishe anayekisubiri. Anayetaka kujenga kiwanda Tanga au Kilifi atashindana nao kwa bei, kabla hajashindana na India, Sri Lanka, Ufilipino na Indonesia, ambako hutoka sehemu kubwa ya kaboni ya vifuu inayouzwa duniani.

Thamani ya punje hizi ilijulikana kwa kishindo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Gesi ya klorini ilipoachiliwa Ypres mwezi Aprili 1915, majeshi yalihitaji kitu cha kuinasa kabla haijafika mapafuni, na mwaka 1918 serikali ya Marekani ikawa inawaomba wananchi wakusanye kokwa za pichi na maganda ya njugu ngumu ili zichomwe kuwa mkaa wa barakoa.

Lakini usiutarajie mkaa amilifu ufanye kila kitu. Hauui vijidudu vya kipindupindu. Maji yaliyopita humo bado yanahitaji kuchemshwa au kutiwa dawa. Floridi ya maji ya Arusha huupita bila wasiwasi, na hiyo ndiyo sababu kule hutumika mkaa wa mifupa. Hospitalini hupewa mtu aliyemeza baadhi ya sumu, akiwahi, lakini si mtoto aliyekunywa mafuta ya taa. Na mkaa wa jiko uliosagwa si dawa ya sumu yoyote.

Dhahabu, hata hivyo, hainusuriki. Ikishayeyushwa kwa sianidi huingia vitunduni kwa ukaidi, hata tani moja ya kaboni ikaweza kubeba kilo kadhaa. Baadaye huoshwa kwa dawa moto, dhahabu ikatoka, na kaboni ikarudi tangini. Kila mzunguko punje husuguana na kumeguka, ndipo ugumu wa kifuu unapohesabika, kwani vumbi linalochujuka huondoka na dhahabu yake. Mchenjuaji makini halimwagi vumbi hilo. Hulikausha, hulichoma hadi liishe, kisha huchenjua majivu.