Rosa Bonheur, Bibi Mchora Wanyama

Rosa Bonheur alizaliwa Bordeaux, katika nchi ya Ufaransa, mwaka 1822. Utotoni hakupenda kusoma wala kuandika; alilopenda ni kuchora tu. Basi mama yake akabuni hila: kila herufi mtoto aichoree mnyama ambaye jina lake laanza na herufi hiyo. Ndivyo alivyojua kusoma. Mama huyo alifariki Rosa akiwa na miaka 11.

Siku zile chuo kikubwa cha serikali cha uchoraji, kilichokuwa Paris, hakikupokea wanawake. Kilipokubali kuwapokea, mwaka 1897, Rosa alikuwa bibi wa miaka 75. Mwalimu wake, kwa hiyo, alikuwa baba yake mwenyewe, mchoraji asiye na mali, aliyemtuma katika jumba la Louvre kunakili picha za mabingwa wa zamani. Lakini kunakili picha ya ng'ombe siyo kumjua ng'ombe. Msichana akaenda machinjioni, katikati ya damu na makelele ya wanaume, akatazama jinsi misuli inavyoshikana na mifupa chini ya ngozi.

Kisha alitaka kuchora soko la farasi la Paris. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu alikwenda huko mara mbili kila juma, naye amevaa suruali ili watu wasimsumbue. Jambo hilo halikuwa dogo, maana polisi wa Paris walimkataza mwanamke kuvaa kiume bila kibali. Kibali chake kimoja, cha mwaka 1857, kilikuwa cha miezi sita, na sababu iliyoandikwa ni afya! Tena kilimkataza kuingia nacho katika michezo na ngoma.

Picha hiyo ilionyeshwa mwaka 1853. Urefu wake wapata mita 5, na kimo mita 2 na nusu. Ilipelekwa Uingereza, na Malkia Victoria akaitazama. Mwaka 1865 Eugénie, mke wa mfalme wa Ufaransa, alikwenda nyumbani kwa Rosa kumpa nishani ya heshima ya taifa; hakuna mwanamke mchoraji aliyeipata kabla yake.

Rosa hakuolewa. Aliishi karibu na msitu wa Fontainebleau, akifuga farasi, kondoo, na hata simba, mpaka alipofariki mwaka 1899. Picha ya farasi iko New York tangu mwaka 1887. Atakayeiona chapa yake kitabuni na aangalie shingo na miguu ya wale farasi wanaovutana na wachungaji wao.