Usikubali kuuziwa mbuzi kwenye gunia

Wadau, sisi tunasema kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Waingereza wao wanasema kununua nguruwe ndani ya mfuko. Maana ni ileile: umelipia kitu hujakiona. Wamarekani nao, ukiamini kila unachoambiwa, wanakutania: "Nina daraja nakuuzia." Kule New York tapeli George C. Parker aliwauzia watu daraja la Brooklyn, wala halikuwa lake!

Mimi nilipigwa kwenye mchele. Gunia juu safi, chini chenga tupu. Nusu ya mtaji ikaenda. Siku hizi nachoma bambo juu, katikati na chini, ndipo natoa hela. Muuzaji akigoma, naondoka.

Wewe je, uliingizwa mjini vipi? Tuambie tujifunze.