Bibi wa Riversdale, mwana wa Timbo na barua za baharini

Mwaka 1803 mzee Henri Stier alifunga mizigo yake huko Maryland, Marekani, akapanda merikebu kurudi kwao Antwerp. Alikuwa ameikimbia Antwerp mwaka 1794, yeye na familia yake, majeshi ya Ufaransa yalipokuwa yakiukaribia mji. Sasa mambo yalikuwa yametulia kidogo, na watoto wake wawili wakubwa nao wakarudi. Aliyebaki ni kitinda mimba, Rosalie, mwenye miaka 25, ambaye tayari alikuwa ameolewa na George Calvert, tajiri wa mashamba ya tumbaku. Baba alimwachia nyumba ambayo ujenzi wake ulikuwa haujakwisha, Riversdale, karibu na Bladensburg. Alimwachia pia michoro 63 ya mabingwa wa Ulaya, Rubens na Van Dyck wakiwamo, pamoja na fedha zake za kusimamia. Baba na binti hawakuonana tena hadi wote wawili walipofariki mwaka 1821.

Kilichowaunganisha miaka yote hiyo ni karatasi, tena karatasi zenyewe zilisafiri kwa kudra. Barua ya siku hizo haikuwa na bahasha. Ulichukua karatasi moja kubwa, ukaijaza maandishi, ukaikunja, ukaandika anwani kwa nje na kuibana kwa lakiri. Karatasi ya pili ilitozwa kama barua ya pili, na mara nyingi mlipaji alikuwa mpokeaji. Kwa hiyo wabanaji wa matumizi walipofika mwisho wa ukurasa waliugeuza ubavu na kuandika juu ya maandishi yaleyale, mistari ikapishana kama ukili wa mkeka. Heri macho ya aliyeletewa!

Ratiba nayo haikuwapo. Nahodha alingoja shehena ijae na upepo ukubali. Ni Januari 1818 ndipo kampuni ya Black Ball ilipoanza kung'oa nanga New York kwenda Liverpool kwa tarehe iliyotangazwa, merikebu imejaa au haikujaa. Kwenda Ulaya, pepo za magharibi zilisukuma, na wiki tatu au nne zilitosha. Kurudi Marekani ni kushindana nazo, wiki sita au zaidi. Mwenye jambo zito aliandika nakala mbili na kuzipeleka kwa merikebu mbili tofauti. Wengine walizipa barua namba, ili mpokeaji ajue ipi imepotea njiani.

Rosalie aliandika kwa Kifaransa, na aliandika juu ya kila kitu: bei ya tumbaku, hisa za benki alizomnunulia baba yake, mtoto aliyezaliwa, mtoto aliyezikwa, nguo anazotaka aletewe kutoka Ulaya. Alimchukia Rais Thomas Jefferson bila kificho. Mzee Stier, aliyependa maua kupita kiasi, alimpelekea matunguu ya tulipu ayapande Maryland. Nikisoma habari zake namwona mwanamke mwenye akili kali ya biashara, ambaye katika jamii ya wakati ule asingeruhusiwa kuionyesha popote isipokuwa katika barua kwa baba yake. Kwa mzee wa Antwerp, Rosalie alikuwa wakala wa fedha zake katika nchi nyingine, na ripoti zake ziliandikwa katikati ya habari za surua na mishono ya nguo.

Siasa ndiyo iliyokata mawasiliano kuliko dhoruba. Desemba 1807 Marekani ilizifungia merikebu zake bandarini. Antwerp ilikuwa chini ya Napoleon, na manowari za Waingereza zilizunguka nje. Kisha ikaja vita ya 1812 kati ya Marekani na Uingereza. Tarehe 24 Agosti 1814 mapigano yalifika Bladensburg kwenyewe, na Rosalie akayatazama kutoka dirishani kwake, mizinga ikipiga. Jioni ile Waingereza waliichoma moto Washington. Jamaa zake walisimuliwa habari hizo mwaka uliofuata, amani ilipopatikana.

Lakini barua zina kimya chake. Tumbaku ya akina Calvert ililimwa na watumwa, watu ambao mababu zao walivuka bahari hiyohiyo na hawakuwa na nahodha wa kumkabidhi salamu. George Calvert alizaa na mwanamke mtumwa aliyeitwa Eleanor Beckett. Habari hiyo usiitafute katika barua za kwenda Antwerp.

Hata hivyo mtumwa mmoja wa Natchez, Mississippi, aliandika. Jina lake Abdul Rahman Ibrahima, Mfulani, mwana wa mtawala wa Futa Jallon, nchi ambayo leo ni sehemu ya Guinea. Alisoma vyuoni utotoni, akawa kamanda wa jeshi la baba yake, akatekwa vitani mwaka 1788 na kuuzwa. Alimtumikia Thomas Foster, mkulima wa Natchez, akaoa huko mwanamke aliyeitwa Isabella na kupata naye watoto tisa. Mwaka 1807 akiwa sokoni alikutana na daktari Mzungu, John Cox, ambaye miaka mingi nyuma alipotea Afrika akiwa mgonjwa na akauguzwa Timbo, mji wa Futa Jallon, nyumbani kwa baba wa Abdul Rahman. Cox alimtambua. Alitaka kumnunua ili amwachie huru, Foster akakataa.

Mwaka 1826, baada ya karibu miaka arobaini utumwani, Abdul Rahman aliandika barua kwa Kiarabu, kwa ajili ya jamaa zake. Mchapishaji wa gazeti la Natchez, Andrew Marschalk, alidhani mtu huyu ni wa Morocco, akaipitisha kwa seneta Thomas Reed. Barua ya Timbo ikaishia Tangier, Morocco! Sultani wa Morocco aliiona, akaomba mwandishi wake aachiwe huru. Kosa la anwani ndilo lililomkomboa.

Ombi lilifika kwa Rais John Quincy Adams, mtu aliyeyajua machungu ya barua zinazochelewa. Mwaka 1809 alipokwenda kuwa balozi St. Petersburg aliwaacha Marekani wanawe George, miaka 8, na John, miaka 6, akaja kuonana nao tena London mwaka 1815. Katikati ya miaka hiyo alimlea George kwa kalamu, kwa mfululizo wa barua za kumfundisha Biblia. Binti aliyezaliwa Urusi mwaka 1811 alifariki mwaka uliofuata, bila babu na bibi yake wa Massachusetts kumwona hata mara moja. Hata hivyo Adams alipata kuungana tena na wanawe bila kuwanunua.

Foster alikubali mwaka 1828, kwa sharti kwamba Abdul Rahman aondoke Marekani. Watu wa Natchez walichanga fedha za kumkomboa Isabella. Watoto wakabaki utumwani, na mzee akapita miji ya kaskazini akiomba mchango. Februari 1829 yeye na mkewe walisafiri kwenda Liberia. Julai akafariki Monrovia, Timbo hajaiona. Inasimuliwa kwamba jamaa zake walipopata habari zake walituma msafara wenye dhahabu ya kuwakomboa watoto, nao ukageuza njiani uliposikia amekufa. Mwaka 1830 baadhi ya watoto na wajukuu, waliokombolewa kwa michango, walifika Liberia.

Barua za Rosalie zilihifadhiwa na ukoo wake Ubelgiji, na Margaret Law Callcott akazichapisha mwaka 1991 katika kitabu Mistress of Riversdale. Nyumba yenyewe leo ni makumbusho. Habari za Abdul Rahman zimo katika Prince Among Slaves cha Terry Alford, kilichotoka 1977. Ukikipata kimoja, msomaji, tafuta na cha pili kabla hujatoa hukumu juu ya zama zile.