Kopo Bovu Hukamatwaje Kiwandani?

Basi la Dar es Salaam kwenda Mbeya likishaumaliza mlima Kitonga, pakiti za krispi zilizonunuliwa Chalinze au Morogoro huwa zimevimba hadi karibu kupasuka. Hakuna aliyezitia hewa njiani. Kilichobadilika ni hewa ya nje, ambayo hupungua uzito kadiri barabara inavyopanda. Jiji la Mbeya liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa hapo ni takriban kilopaskali 82, wakati pwani ni 101. Abiria huifungua pakiti na kula bila kuwaza zaidi. Kwa mhandisi wa kiwanda cha kusindika vyakula, tofauti hiyo ni suala la kazi, kwa sababu kifaa chake cha kukamata makopo mabovu hutegemea mgandamizo huohuo.

Nyanda za Juu Kusini zina sababu ya kukijua kifaa hiki. Ilula, kando ya barabara kuu mkoani Iringa, ni miongoni mwa maeneo yanayojulikana nchini kwa nyanya. Iringa ndiko kiliko kiwanda cha Dabaga, ambacho tomato sosi, chilisosi na achari zake zimekaa mezani kwa Watanzania kwa miaka mingi. Mbeya kuna viwanda vya soda na bia vinavyojaza vinywaji katika chupa zinazorudi kutoka mitaani. Kote huko vyombo hupita kwenye mkanda kimoja baada ya kingine, na kote huko swali ni lilelile: chombo kibovu kitaonekanaje katikati ya maelfu ya vizima?

Kuna ushahidi ambao kopo zima hubeba juu yake lenyewe. Chakula kikijazwa kikiwa cha moto na kopo likafungwa papo hapo, nafasi iliyobaki chini ya kifuniko hujaa mvuke. Kopo likipoa, mvuke hugeuka maji, na nafasi hiyo hubaki na ombwe, yaani mgandamizo mdogo kuliko wa nje. Hewa ya nje hukisukuma kifuniko, nacho hubonyea kidogo kuelekea ndani. Ndiyo maana vifuniko vingi vya chupa za jemu vina duara dogo katikati linalokaa chini chupa ikiwa haijafunguliwa, kisha likaruka na kutoa mlio mara tu kifuniko kinapozungushwa. Mlio huo hutokea hewa inapoingia.

Kopo lililotoboka, au lenye mshono usiobana, haliwezi kulitunza ombwe. Kifuniko chake hubaki bapa. Na kama vijidudu vimeingia na kuanza kuzaana ndani, gesi yao hukiinua kifuniko mpaka kikavimba. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya kopo bila kulifungua hutazama kifuniko kwanza.

Kabla ya mashine, kazi hiyo ilifanywa kwa sikio. Mfanyakazi mzoefu alipita kwenye safu za makopo akiwa na kijiti cha chuma, akigonga kifuniko kimoja baada ya kingine, kama mnunuzi sokoni anavyoligonga tikiti kabla ya kulilipia. Kifuniko kilichovutwa na ombwe kimekazika, hivyo hutoa mlio mkali na wazi. Kilicholegea hutoa mlio mzito usio na uhai. Ufundi huo ulikuwa wa kweli, lakini sikio huchoka, na mkanda wa kisasa haungoji.

Chukua mkanda unaopitisha makopo 200 kwa dakika, mwendo ambao si mkubwa kwa viwanda vya leo. Kila kopo linapata sehemu tatu za kumi za sekunde. Katika zamu ya saa nane hupita makopo 96,000. Hakuna binadamu awezaye kugonga na kusikiliza kwa kasi hiyo, tena kwa saa nane mfululizo.

Mashine hurudia mambo yaleyale kwa njia mbili kuu. Ya kwanza ni kupima umbo. Kihisi kinachofungwa juu ya mkanda hutengeneza uga mdogo wa sumaku na kuhisi umbali wa chuma kilicho chini yake bila kukigusa. Kopo likipita, kihisi husoma ukingo wa kifuniko, kisha katikati, kisha ukingo wa upande wa pili. Kompyuta ndogo hulinganisha vipimo hivyo vitatu. Katikati ikiwa chini ya ukingo kwa kiasi kilichowekwa, kopo ni zima. Ikiwa sawa na ukingo au juu yake, kopo limehukumiwa. Kwa kuwa kinacholinganishwa ni katikati na ukingo wa kopo lenyewe, kopo linaloyumba au lililo refu kidogo kuliko wenzake halionewi.

Njia ya pili ni ile ya mgongaji wa zamani, ila kijiti kimebadilika. Koili ya umeme hutoa mshtuko mfupi wa sumaku unaokitikisa kifuniko, na kipaza sauti kilicho karibu hupokea mlio. Kifuniko kilichokazwa na ombwe hutetemeka kwa kasi zaidi kuliko kilicholegea. Mashine huhesabu mitetemo hiyo kwa sekunde na kutoa hukumu. Njia hii inafaa pale ambapo kifuniko hakibonyei vya kutosha kuonekana.

Chupa za glasi zinazorudishwa, zile za soda na bia, zina mkaguzi wa aina nyingine. Baada ya kuoshwa kwa maji ya moto yenye magadi makali ya viwandani, kila chupa tupu hupita mbele ya kamera. Moja hutazama kitako kutoka juu kupitia mdomoni, nyingine mdomo wenyewe, nyingine ubavu. Chupa yenye mdomo uliomeguka haiwezi kubana kizibo, na yenye kipande cha glasi ndani ni hatari kwa mnywaji. Vihisi vya mionzi isiyoonekana kwa macho hutafuta mabaki ya maji ya kuoshea, kwa kuwa magadi yale huunguza koo.

Kuliona kopo bovu ni nusu ya kazi. Kihisi hukaa mahali pamoja, na mkono wa kulitoa kopo hukaa hatua kadhaa mbele. Kati ya hapo na hapo kopo bovu linaendelea kusafiri katikati ya mazima, na mashine lazima ikumbuke ni lipi. Hufanya hivyo kwa kuhesabu mzunguko wa gurudumu la mkanda: kopo lenye kosa likishatembea idadi fulani ya hatua, hewa iliyobanwa hupulizwa ghafla na kulirusha kando. Mkanda ukiteleza hata kidogo, hesabu inaharibika. Hewa humpiga jirani asiye na kosa, na bovu linapita kwenda kwenye katoni. Ndiyo maana mitambo mizuri ina kihisi cha pili kwenye njia ya kutupia, kinachothibitisha kwamba kopo lililohukumiwa limeanguka kweli ndani ya sanduku lake. Lisipofika, laini yote husimama. Sanduku lenyewe hufungwa kwa kufuli, ili mtu asije akayarudisha mkandani makopo yanayoonekana mazuri kwa macho.

Hapa ndipo mwinuko wa Mbeya unaporudi kwenye hesabu. Tuseme kopo limefungwa Dar es Salaam na mgandamizo uliobaki ndani ni kilopaskali 85. Pwani, hewa ya nje inalishinda kwa 16, na kifuniko kinabonyea vizuri. Kopo hilohilo likipandishwa Mbeya, ambako nje kuna 82 tu, mambo yanageuka: ndani kuna nguvu zaidi kwa 3, na kifuniko kinainuka. Mwenye duka wa Mwanjelwa akiliona atadhani limeharibika, ilhali chakula kinaweza kuwa salama. Kosa ni ombwe dogo kupita kiasi kwa safari hiyo.

Upande wa pili ndio wenye hatari ya kimyakimya. Kopo lililofungwa Mbeya likiwa na kilopaskali 60 ndani husukumwa na hewa ya nje kwa 22 likiwa kiwandani, lakini kwa 41 likifika pwani. Kifuniko kinachobonyea kidogo Mbeya kitabonyea sana Dar es Salaam. Fundi akiichukua mashine iliyopangwa kwa vipimo vya kiwanda cha pwani na kuiwasha Nyanda za Juu bila kuirekebisha, itayatupa makopo mazima kwa mamia. Na hapo kishawishi huingia: msimamizi anaona hasara, analegeza kipimo, anazidi kukilegeza, mpaka mashine inaacha kukataa chochote. Laini inaonekana safi kabisa, na kumbe hakuna ulinzi.

Hesabu ya kishawishi hicho ni rahisi kuiona. Mashine ikikosea kwa kuyatupa makopo mazima kwa asilimia 1, zamu ya makopo 96,000 inapoteza 960. Hasara hiyo huonekana siku ileile kwenye daftari la stoo. Kopo bovu moja lililopita halionekani kwenye daftari lolote. Huonekana hospitalini.

Mwaka 1964, katika mji wa Aberdeen, Uskoti, zaidi ya watu 400 waliugua taifodi. Uchunguzi uliwafikisha wataalamu kwenye nyama ya kopo kutoka Argentina. Nyama ilikuwa imepikwa inavyotakiwa na vijidudu vilikuwa vimekufa. Tatizo lilitokea wakati wa kupoza: makopo yalipozwa kwa maji ya mto yasiyotiwa klorini, na ombwe lililokuwa likijitengeneza likayavuta maji hayo kupitia kasoro ndogo kwenye kopo. Dukani nyama ilikatwa kwa mashine iliyokata pia nyama nyingine, ugonjwa ukasambaa. Mwaka 1982, nchini Ubelgiji, mtu mmoja alikufa kwa sumu ya botulini baada ya kula samaki wa kopo kutoka Alaska. Kopo lilikuwa na tundu dogo lililosababishwa na mashine ya kiwandani iliyokuwa ikiyarudishia umbo makopo yaliyosafirishwa yakiwa bapa. Mamilioni ya makopo yaliondolewa madukani.

Kwa sababu hiyo kifaa hakiachwi peke yake. Mwanzoni mwa zamu, na tena kila baada ya muda uliopangwa, mkaguzi huweka mkandani makopo yaliyoharibiwa makusudi na kutiwa alama: moja lisilo na ombwe, moja lililovimba, moja lenye ombwe dogo linalokaribia mpaka. Yote yakikataliwa, kazi inaendelea. Likipita hata moja, laini husimama, na shehena yote iliyozalishwa tangu jaribio la mwisho lililofaulu huzuiwa stoo na kukaguliwa upya. Pembeni, fundi mwingine hukata mshono wa kopo kwa msumeno mwembamba na kuutazama ukiwa umekuzwa. Mshono wa kopo ni matabaka matano ya bati yaliyokunjwa pamoja, kulabu ya mwili na kulabu ya kifuniko zikishikana. Zikishikana kwa kiasi kidogo mno, kopo litavuja baadaye hata kama leo kihisi kimelipitisha. Uvujaji wa polepole ndio sababu viwanda makini huyaweka makopo stoo kwa siku kadhaa na kuyapima tena kabla ya kuyauza.

Msindikaji mdogo wa Uyole au Tukuyu anayejaza chupa 100 kwa wiki hawezi kununua mashine hii, wala haihitaji. Kanuni yake anaweza kuitumia kwa mkono. Chupa zikishapoa, aweke rula bapa juu ya kifuniko na kutazama kuelekea kwenye mwanga: upenyo ukionekana katikati, ombwe lipo. Agonge kwa kijiko na kusikiliza. Atumie vifuniko vipya, kwa sababu mpira wa kifuniko kilichotumika umeshapoteza umbo. Azihifadhi chupa kwa wiki mbili kabla ya kuuza, kisha arudie kukagua.

Jambo moja halina njia ya mkato. Mbeya maji huchemka kwa nyuzijoto zipatazo 94, wakati mbegu za bakteria wa botulini huhitaji nyuzijoto 121 ili ziuawe katika muda mfupi. Nyanya na matunda mengi huokolewa na ukali wake, ingawa nyanya zilizoiva sana huongezewa ndimu kwa usalama. Nyama, maharage na uyoga havina ukali huo. Kuvifunga katika chupa kwa kuchemsha kwenye sufuria ya kawaida ni kutengeneza sumu, hata kama kifuniko kimebonyea vizuri kuliko vyote. Bakteria hao hustawi pasipo hewa, na kifaa cha ombwe hakina namna ya kuwaona. Ofisi za SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, zipo Mbeya na Iringa na hutoa mafunzo ya usindikaji. Usalama wa chakula, tangu mwaka 2019, uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, lenye ofisi ya kanda mjini Mbeya.

Mnunuzi naye ni mkaguzi wa mwisho. Kopo lililovimba, linalovuja, lenye kutu kwenye mshono au lililobonyezwa pembeni kwenye ukingo wa kifuniko lisinunuliwe. Likigundulika nyumbani lisifunguliwe, na chakula chake kisionjwe hata kwa ncha ya ulimi, kwani sumu ya botulini haina harufu wala ladha ya kumtahadharisha mtu. Lirudishwe dukani likiwa na namba ya toleo iliyochapwa juu yake, na taarifa ipelekwe TBS. Namba hiyo ndiyo itakayokiwezesha kiwanda kujua ni zamu gani, siku gani, na makopo mangapi mengine yanapaswa kutolewa sokoni.