Kariokor: Nyama ni tamu, jina lina uchungu

MKAAJI wa Nairobi akitajiwa Kariokor, kwanza hukumbuka vyondo na viatu vya akala, kisha mate humjaa kinywani kwa kuifikiria nyama choma. Mtaa huu uko kati ya Ngara na Pumwani, mwendo mfupi kwa miguu kutoka katikati ya jiji. Ni miongoni mwa mitaa ya kale ya Waafrika katika Nairobi, na vibanda vya nyama vya soko lake vimewalisha mahamali, mafundi, madereva na hata wakubwa wenye suti na tai.

Jumamosi iliyopita nilikwenda huko kula, na pia kuuliza mawili matatu. Kibanda nilichoingia hakina mapambo. Kuta zimepakwa masizi na moshi wa miaka mingi, viti ni mabenchi marefu, na meza ni mbao zilizokatwakatwa kwa visu hata zikawa na mabonde. Hapa huletewi orodha ya vyakula. Mbuzi ananing'inia kwenye ndoano, nawe waonyesha kwa kidole.

"Mkubwa, mguu ama mbavu?" aliniuliza mchomaji, bwana wa makamo aliyevaa koti jeupe ambalo weupe wake ulikuwa umebaki kwenye kola tu.

Nilichagua mbavu, kilo moja. Aliipima mbele ya macho yangu, akaipaka chumvi, akaiweka juu ya vyuma. Nilidhani atapuliza moto, lakini badala yake aliyatawanya makaa. Aliniambia kuwa moto mkali ni adui wa nyama, kwani huchoma nje na kuacha damu ndani. Mafuta yanapaswa kuyeyuka polepole na kuipika nyama yenyewe. Yakidondoka kwenye makaa kwa wingi na kuwasha ndimi za moto, alizizima kwa kunyunyiza maji ya chumvi kidogo, kisha akaigeuza nyama. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu. Pale nilingoja karibu saa nzima.

Katika kungoja huko ndiko kuna utamu wa mahali hapa. Benchi ni la wote, na mtu usiyemjua akiketi karibu nawe, mtaombana chumvi, kisha mtaulizana habari, na kabla ya nyama kuiva mmekuwa kama watu wa nyumba moja. Mama mmoja alipita na birika na beseni tukanawa mikono. Mwingine alileta ugali uliokuwa ukitoa mvuke, na kachumbari ya nyanya, vitunguu, dhania na pilipili. Hatimaye mchomaji alileta mbavu juu ya ubao, akazikata vipande mbele yetu kwa kasi iliyonitia hofu juu ya vidole vyake.

WAPAGAZI

Vijana wawili waliokaa mbele yangu walikuwa wakibishana. Mmoja alidai kuwa Kariokor ni jina la Mhindi aliyekuwa na duka hapo zamani. Wa pili alisema la, ni jina la mto. Mzee mmoja aliyekuwa akinywa supu ya mifupa pembeni aliweka kikombe chini.

"Wajukuu zangu," alisema, "hilo ni jina la watu waliokufa."

Mzee alisema kweli. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914, Waingereza wa huku walipigana na Wajerumani waliotawala Tanganyika. Njia za magari zilikuwa chache, na ng'ombe, farasi na punda walikufa kwa maradhi ya ndorobo. Basi mzigo wa vita ukawekwa juu ya vichwa vya watu. Kiliundwa kikosi cha wapagazi chini ya Mwingereza Oscar Watkins, kikaitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Kambi yao ya Nairobi ilikuwa mahali hapa. Wazee wetu walilitamka jina hilo kama walivyolisikia: Kariokor. Ndugu zetu wa Dar es Salaam wakasema Kariakoo, na soko lao kuu linaitwa hivyo hadi leo.

Mwanzoni baadhi yao walikwenda kwa hiari wakitafuta mshahara. Lakini mwaka 1917 ilipokuja amri ya kukusanya watu kwa wingi, machifu walitakiwa kutoa idadi waliyoambiwa, na vijana walichukuliwa wapende wasipende. Hesabu za Waingereza zilitaja wapagazi zaidi ya 40,000 waliokufa. Wako wanahistoria wanaokadiria kuwa waliokufa walifika 100,000 au kupita.

Wengi wao hawakuuawa na risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria na homa ya mapafu, na chakula kilikuwa sehemu kubwa ya msiba huo. Watu waliozoea ndizi, viazi vitamu na mtama walipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya. Baada ya safari ya kutwa nzima na mzigo kichwani, hawakuwa na kuni wala nafasi ya kuupika hadi uive. Waliula nusu mbichi, matumbo yakaharibika.

Mzee aliukata ugali wetu kwa vidole, akauinua vijana wauone. "Huu umeiva," alisema. "Babu yangu alichukuliwa kutoka Murang'a, siku hizo ikiitwa Fort Hall. Aliyerudi alikuwa mwenzake, akasema babu alikufa kwa tumbo, njiani. Nyanya alingoja mpaka akazeeka. Kaburi hatulijui, na pesa zake hatukuziona."

Vijana walinyamaza. Mmoja wao alimsogezea mzee ubao wa nyama, akachagua mfupa laini.

DENI

Habari ya pesa hizo si ya nyumba ya mzee huyo peke yake. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliofariki haikuwafikia jamaa zao, na serikali ya Uingereza ilikataa kuitoa hata ilipoombwa baada ya vita. Kumbukumbu waliyopata ni sanamu ya watu watatu iliyowekwa jijini mwaka 1928, iliyoko Kenyatta Avenue, ambapo mpagazi amesimama pamoja na askari. Majina yao hayakuandikwa hapo. Mwaka 2021 tume ya kutunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kuwa Waafrika wengi mno waliokufa katika vita hivyo hawakukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu, na ikaomba radhi.

Radhi ni jambo jema, lakini haimwambii mjukuu babu yake alilala wapi. Hivyo sisi wenyewe tuna kazi ya kufanya. Katika Kenya kuna nyumba nyingi ambamo bado hutajwa jina la babu aliyekwenda "Kariokor" asirudi. Wanaoyajua majina hayo ni wazee, nao wanapungua kila mwaka. Walimu wa historia wangeweza kuwatuma wanafunzi nyumbani na kalamu na daftari, wakaulize na kuandika: aliitwa nani, alitoka kijiji gani, nani aliyeleta habari zake. Na Serikali ya Kaunti ya Nairobi ingeweza kuweka kibao sokoni, kwa Kiswahili, kieleze jina hili lilitoka wapi. Gharama yake si kubwa.

Ajabu ya Kariokor ni kwamba mahali palipotwa kwa jina la watu waliokufa wakikosa chakula kilichoiva, leo pamekuwa mahali ambapo jiji zima huja kula hadi likashiba. Sioni ubaya wowote katika hilo. Ukienda, ngoja nyama iive sawasawa, usile peke yako, na ukiwa na watoto, waambie wanakula katika mtaa wa nani.